Tabaka kwa Tabaka: Vichocheo Bapa na Ndoto ya Kupasua Maji kwa Mwanga wa Jua

Na mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Shahada ya Sayansi na Elimu (Kemia na Fizikia)

Kurasa hizi zimezoea insha za siasa za chuo, bumu lililochelewa na mapenzi ya hosteli. Leo naomba nafasi kwa ajili ya kemia kidogo. Yeyote aliyemaliza kidato cha nne ataelewa, hata kama somo lenyewe alilikimbia mapema.

Sababu ya kuandika ni hii. Kila baada ya muda inazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp video ya mtu aliyegundua "gari linalotumia maji". Watu wanashangilia, wengine wanalaumu kwamba vipaji vyetu havithaminiwi, mjadala unakwisha kwa kuwasema wauza mafuta. Wakati huohuo upo utafiti wa kweli, wenye umri wa zaidi ya miaka 50, wa kupata mafuta kutoka kwenye maji kwa nguvu ya jua. Huu wa kweli hauzungumzwi, ule wa uongo unasambaa. Na sisi tunaosomea ualimu muda si mrefu tutasimama mbele ya darasa, halafu mwanafunzi atanyosha mkono: "Mwalimu, si umesema maji yana haidrojeni na haidrojeni inaungua? Kwa nini tusiyachome?" Hilo ni swali zuri sana, na mwalimu akilijibu kwa kukaripia, kazi yote inabaki kwa zile video.

Maji ni majivu

Haidrojeni ikiungua inaungana na oksijeni, inatoa joto, na kinachobaki ni maji. Kwa maneno mengine, maji ni majivu ya haidrojeni. Hakuna anayepika kwa majivu. Ukitaka majivu yawe kuni tena, huna budi kuirudisha nishati yote iliyotoka wakati kuni zinaungua. Ni deni, na deni hilo halisamehewi.

Kwa maji, deni hilo ni kilojuli 237 kwa kila moli moja. Kila molekuli ya maji inayopasuliwa inahitaji kuhamisha elektroni mbili. Chukua juli 237,000, gawanya kwa elektroni mbili na kwa namba ya Faraday, yaani 96,500. Unapata volti 1.23. Shika namba hii vizuri, maana kila kitu katika makala hii kinazunguka juu yake. Chini ya volti 1.23, maji hayapasuki hata ukiyabembeleza.

Sasa ile video imejijibu yenyewe. Gari "linalotumia maji" lazima kwanza lilipe deni la kuyapasua, kisha lichome haidrojeni na kurudishiwa kiasi kilekile, tena pungufu kwa sababu ya upotevu njiani. Kama hakuna betri, petroli au jua linalolipa pembeni, hesabu haikai.

Kwa hiyo swali la kweli ni nani alipe. Jua linaweza. Njia ya kwanza tunaijua: paneli ya sola inatoa umeme, umeme unaingia kwenye kifaa cha elektrolisisi, maji yanapasuka. Njia ya pili ndiyo mada yetu: kutumbukiza unga maalumu ndani ya maji, kuuanika juani, na kuuacha unga wenyewe uyapasue maji bila waya wala paneli. Unga huo unaitwa fotokatalisti, yaani kichocheo kinachofanya kazi kikipigwa na mwanga.

Punje moja, kazi tatu

Historia yake inaanzia Japani. Mwaka 1972 Akira Fujishima na Kenichi Honda walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya elektrodi ya titaniamu dioksaidi ambayo, ikimulikwa ndani ya maji, ilitoa oksijeni upande wake huku haidrojeni ikitoka upande wa platinamu. Titaniamu dioksaidi siyo kitu kigeni kwako: ni ule unga mweupe unaowekwa kwenye rangi za ukutani.

Ili kuelewa kilichotokea, fikiria hosteli ya ghorofa mbili. Ya chini imejaa wanafunzi hadi hakuna pa kugeukia, ya juu haina mtu. Katikati hakuna ngazi, kuna uwazi tu. Katika semikondakta, ghorofa ya chini inaitwa mkanda wa valensi, ya juu mkanda wa upitishaji, na uwazi wa katikati unaitwa pengo la nishati. Mwanga wenye nguvu ya kutosha unainyanyua elektroni moja kutoka chini hadi juu. Elektroni ile sasa iko huru kutembea, na kule chini imeacha nafasi wazi, ambayo tunaiita tundu. Elektroni ikifika kwenye uso wa punje inawapa ioni za haidrojeni kile zinachotaka, na gesi ya haidrojeni inatoka. Tundu nalo likifika kwenye uso linayanyang'anya maji elektroni, na oksijeni inatoka.

Yapo masharti mawili. Kwanza, pengo lazima lizidi volti 1.23, na kwa vitendo lizidi sana, kwa sababu kila hatua njiani inakata chake. Pili, na hili ndilo wengi husahau kwenye mtihani, ukubwa wa pengo pekee hautoshi. Mahali lilipo ni muhimu vilevile. Ghorofa ya juu lazima iwe juu ya kiwango cha haidrojeni, yaani volti 0, na ya chini iwe chini ya kiwango cha oksijeni, yaani volti 1.23. Ghorofa zikiwa mbali lakini zote zimesogea upande mmoja, utapata gesi moja na kukosa nyingine.

Sasa pima mwenyewe. Gawanya 1240 kwa ukubwa wa pengo katika elektroni-volti, unapata urefu wa wimbi, kwa nanomita, ambao ndio mpaka wa mwanga unaoweza kutumika. Titaniamu dioksaidi ya aina ya anatasi ina pengo la 3.2, hivyo mpaka wake ni kama nanomita 388. Huo ni mwanga wa urujuanimno. Mwanga wa aina hiyo ni kama 5% tu ya nishati ya jua inayotufikia. Mwanga tunaouona kwa macho, ambao ni karibu nusu ya nishati ya jua, unaipita titaniamu dioksaidi kama haupo. Ndiyo maana ni nyeupe.

Kwa hiyo punje moja ina kazi tatu: kumeza mwanga, kuzisafirisha elektroni na matundu hadi kwenye uso, na kufanya kemia hapo juu ya uso. Kazi ya kwanza tumeiona. Ya pili ndiyo inayoua ndoto nyingi, kwa sababu elektroni na tundu zinavutana. Zikikutana kabla ya kufika kwenye uso zinarudiana, nishati yote inageuka joto, na maji hayajui hata kama kuna kitu kilitokea. Katika punje nene, wengi wanarudiana njiani.

Kwa nini bapa

Hapa ndipo yanapoingia matabaka. Chukua chapati ya kusukuma iliyopikwa vizuri: ukiivuta inachambuka tabaka baada ya tabaka, lakini kila tabaka peke yake limeshikamana. Katika maumbile kuna madini mengi ya namna hiyo. Ulanga unabanduka kama kurasa za kitabu. Kinywe, yale madini yanayopatikana Mahenge na ambayo yamo ndani ya penseli yako, kinaandika kwenye karatasi kwa sababu matabaka yake yanateleza na kubaki nyuma. Ndani ya tabaka atomi zimeshikana kwa vifungo vikali, na kati ya tabaka na tabaka kuna mvuto dhaifu tu.

Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov, wakiwa Chuo Kikuu cha Manchester, walionyesha kwamba unaweza kubandua kinywe kwa gundi ya karatasi ya kawaida hadi upate tabaka moja lenye unene wa atomi moja. Waliliita grafini, na mwaka 2010 walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia. Grafini yenyewe haina pengo la nishati, hivyo peke yake siyo fotokatalisti. Lakini ilifungua mlango: kama kinywe kinabanduka, vipi kuhusu semikondakta zenye matabaka?

Faida ya kwanza ya ubapa ni eneo. Mche wa sentimita moja kila upande una uso wa sentimita za mraba 6. Ukate uwe karatasi za unene wa nanomita moja. Utapata karatasi milioni 10, kila moja ikiwa na nyuso mbili za sentimita ya mraba moja. Jumla ni sentimita za mraba milioni 20, sawa na mita za mraba 2,000. Hiyo ni zaidi ya robo ya uwanja wa mpira, kutoka kwenye kipande kinachotosha kwenye ncha ya kidole.

Faida ya pili ni umbali, na kwangu mimi hii ndiyo kubwa zaidi. Elektroni ndani ya punje haitembei moja kwa moja kama mtu anayewahi daladala. Inayumba huku na huko kama mtu aliyefungwa macho. Kwa mwendo wa namna hiyo, muda wa kufika unakua kwa mraba wa umbali. Ukipunguza unene kutoka nanomita 1,000 hadi nanomita 10, umbali umepungua mara 100, lakini muda umepungua mara 10,000. Zile zilizokuwa zinarudiana njiani sasa zinafika kabla hazijakutana.

Faida ya tatu ni mguso. Machungwa mawili yakigusana, yanagusana kwenye nukta. Karatasi mbili zikilaliana, zinagusana eneo zima. Kumbuka jambo hili, tutalihitaji.

Wachezaji watatu

Wa kwanza ni kaboni naitraidi ya aina ya kinywe, ambayo wataalamu huiandika g-C₃N₄. Mwaka 2009 Xinchen Wang na wenzake walionyesha katika jarida la Nature Materials kwamba unga huu wa manjano unaweza kutoa haidrojeni kwa mwanga unaoonekana. Pengo lake ni 2.7, hivyo mpaka wake ni kama nanomita 460, yaani unameza zambarau na sehemu ya bluu. Ghorofa zake zote mbili ziko mahali panapotakiwa. Na uzuri wake mwingine ni bei: hauna metali yoyote. Unatengenezwa kwa kuchoma melamini, au hata urea, kwenye nyuzi joto kama 550 za Selsiasi. Urea ileile ambayo mjomba anaweka kwenye mahindi. Udhaifu wake ni kwamba elektroni na matundu yake yanarudiana haraka, na upande wa kutoa oksijeni ni mzito, kwa kuwa kila molekuli ya oksijeni inadai matundu manne.

Wa pili ni molibdenamu disalfaidi. Fundi gari anaifahamu bila kujua jina, maana imo katika baadhi ya zile grisi nyeusi. Matabaka yake yanateleza kama ya kinywe. Kila tabaka ni kama sandwichi, molibdenamu katikati na salfa juu na chini, na unene wake haufiki nanomita moja. Jambo la kustaajabisha ni kwamba ikiwa nene pengo lake ni kama 1.3, lakini ukiibandua hadi tabaka moja pengo linapanda hadi kama 1.9. Kitu kilekile, atomi zilezile, unene tu umebadilika na tabia imebadilika. Jambo lingine: uso wake mpana umelala usingizi. Mwaka 2007 watafiti wa Denmark walionyesha kwamba kasi ya kutoa haidrojeni inalingana na urefu wa kingo zake, siyo eneo lake. Kazi inafanyika pembeni. Kwa hiyo mbunifu wa molibdenamu disalfaidi hatafuti karatasi kubwa, anatafuta vipande vidogo vyenye kingo nyingi, au anatoboa uso makusudi. Mara nyingi inatumika kama kichocheo msaidizi, kuchukua nafasi ya platinamu ambayo bei yake haishikiki.

Wa tatu ni mzee wao, oksaidi ya potasiamu na naiobiamu, K₄Nb₆O₁₇, iliyochunguzwa na kundi la Kazunari Domen huko Japani tangu miaka ya 1980. Yeye hakuhitaji kubanduliwa. Maji yenyewe yanaingia katikati ya matabaka yake, ambayo yana vyumba vya aina mbili. Wakiweka nikeli kwenye aina moja ya chumba, haidrojeni inatoka huko na oksijeni inatoka kwenye chumba cha pili. Tatizo lake ni lile la titaniamu dioksaidi: anataka urujuanimno.

Ubuni ni kupatana bei

Ukisoma hadi hapa unaweza kusema basi, tubandue kila kitu kiwe chembamba, tumemaliza. Haiendi hivyo. Ukifanya tabaka liwe jembamba sana, pengo linapanuka, na pengo likipanuka unapoteza sehemu ya mwanga. Kaboni naitraidi iliyobanduliwa inaweza kupanda kutoka 2.7 hadi karibu 2.9. Pia karatasi moja nyembamba inameza mwanga kidogo; grafini yenye tabaka moja inameza 2.3% tu ya mwanga unaopita. Unahitaji karatasi nyingi, lakini zikiwa nyingi na hazina kitu cha kuzitenganisha, zinalaliana tena na kurudi kuwa punje nene uliyoanza nayo. Ndiyo maana nasema ubuni hapa ni kupatana bei, kama Kariakoo. Kila unachopata kina kitu ulichotoa.

Mbinu za kupatana ziko kadhaa. Unaweza kuchanganya atomi chache za elementi nyingine, mfano fosforasi au salfa, ili kupunguza pengo. Unaweza kuacha nafasi tupu ndani ya tabaka kwa makusudi. Vyote viwili vinasaidia kwa kipimo, lakini vikizidi vinageuka kuwa mitego ambako elektroni na matundu yanakutana na kurudiana.

Mbinu ninayoipenda zaidi imeigwa kutoka kwenye jani. Wale wa Biolojia mnakumbuka usanisinuru: jani halitumii hatua moja kuyapasua maji. Lina mifumo miwili ya nuru, mmoja unayapasua maji na kutoa oksijeni, wa pili unazipa elektroni msukumo mwingine. Mchoro wake ukiuchora unafanana na herufi Z iliyolala. Na mashine hizo zimepangwa wapi? Kwenye tando nyembamba zilizopangana tabaka kwa tabaka ndani ya kloroplasti. Maumbile yalitangulia.

Wanakemia wanafanya hivyohivyo kwa karatasi mbili. Ya kwanza, tuseme kaboni naitraidi, ina elektroni zenye nguvu kubwa ya kutoa haidrojeni lakini matundu yake ni dhaifu. Ya pili, tuseme bismathi vanadeti yenye pengo la kama 2.4, ina matundu makali ya kutoa oksijeni lakini elektroni zake hazifikii kiwango cha haidrojeni. Ukizilaza pamoja, elektroni dhaifu za pili zinarudiana na matundu dhaifu ya kwanza pale zinapogusana. Tumewaachia wanyonge warudiane ili wenye nguvu wabaki na kazi. Na hapa ndipo ule mguso wa karatasi kwa karatasi unapolipa: eneo zima ni daraja, siyo nukta moja.

Usidanganywe na namba

Sehemu hii ni kwa yeyote anayefikiria kufanya utafiti wa mwaka wa mwisho kwenye eneo hili, au anayepitia makala kwa ajili ya semina. Makala ni nyingi mno na karibu kila moja inasema imepata matokeo makubwa. Kabla ya kudesa namba yao, uliza maswali manne.

Swali la kwanza: oksijeni iko wapi? Majaribio mengi yanawekewa methanoli au trietanolamini ndani ya maji. Kemikali hizo zinayameza matundu haraka, hivyo haidrojeni inatoka kwa wingi. Ni jaribio halali la kupima upande mmoja, hata ile kazi ya 2009 ilipima kila upande peke yake. Lakini hapo maji hayajapasuliwa kikamilifu. Umetumia kemikali ghali kupata gesi. Upasuaji kamili unatoa haidrojeni mbili kwa kila oksijeni moja. Uwiano huo ukikosekana, kuna kitu kingine kinalipa deni.

Swali la pili: namba imeandikwaje? Wengi wanaandika kiasi cha gesi kwa saa kwa gramu moja ya unga. Lakini taa zinatofautiana, vyombo vinatofautiana, na ukiweka unga kidogo sana namba kwa gramu inapaa yenyewe. Kilicho haki ni asilimia ya chembe za mwanga zilizofanya kazi, au asilimia ya nishati ya jua iliyogeuka haidrojeni.

Swali la tatu: walijaribu gizani? Walijaribu bila kichocheo? Jaribio lisilo na mlinganisho ni hadithi tu.

Swali la nne: ilidumu muda gani? Kadmiamu salfaidi inameza mwanga vizuri sana, lakini matundu yake yanaila yenyewe. Fosforasi nyeusi nayo ina matabaka mazuri, ila tabaka zake nyembamba zinaharibika zikikutana na hewa na maji. Kichocheo kinachokufa baada ya saa chache hakiwezi kukaa juu ya paa la mtu.

Tumefika wapi

Mwaka 2020 kundi la Domen lilionyesha kwamba strontiamu titaneti yenye aluminiamu kidogo inaweza kutumia karibu kila chembe ya mwanga inayoimeza, kama 96%, lakini katika eneo la urujuanimno pekee. Mwaka 2021 wakachapisha matokeo ya paneli za unga huohuo zilizotandazwa nje kwenye eneo la mita za mraba 100 na kufanya kazi kwa miezi kadhaa. Ufanisi wa juu ulikuwa 0.76%. Unga huo siyo wa matabaka, lakini ndio kipimo ambacho vichocheo bapa vinapaswa kukifikia na kukipita, hasa kwa kutumia mwanga unaoonekana.

Tufanye hesabu. Chukulia jua linatupa kilowati-saa 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Mita za mraba 100 zinapata 500. Kwa 0.76%, siku nzima ikienda vizuri, unapata kilowati-saa 3.8. Kilo moja ya haidrojeni inadai karibu kilowati-saa 33, kwa hiyo umepata kama gramu 115. Ukifika 10%, ambayo watafiti wengi wanaitaja kama lengo, unapata kilo moja na nusu kwa siku. Sasa linganisha na ile njia ya kwanza: paneli ya sola ya 20% ikiunganishwa na kifaa cha elektrolisisi cha 70% inatoa 14% leo hii.

Basi kwa nini tuhangaike na unga? Mimi naona sababu ni moja tu ya msingi: urahisi. Unga, maji na kifuniko kinachopitisha mwanga ni vitu ambavyo kijiji kinaweza kuvimudu siku kichocheo kitakapokuwa tayari. Lakini hakijawa tayari, na mwalimu mkweli anapaswa kusema hivyo. Bado pia kuna suala la usalama: haidrojeni na oksijeni zinatoka pamoja, na haidrojeni inaweza kulipuka hewani ikiwa kati ya 4% na 75%.

Tusisahau kwamba haidrojeni siyo ya magari tu. Sehemu kubwa ya haidrojeni duniani leo inatokana na gesi asilia, na matumizi yake makubwa ni pamoja na kutengeneza amonia, ambayo ndiyo mama wa urea. Bei ya gesi ikipanda ng'ambo, mfuko wa mbolea unapanda dukani kwetu. Anayesema mambo haya ni ya Wajapani tu hajawahi kutumwa kununua mbolea.

Tunaweza kuanzia wapi

Sina nia ya kuwaambia mjenge paneli. Lakini maabara yenye tanuru la nyuzi 550, bakuli la kauri lenye kifuniko na sehemu ya kutolea hewa chafu inaweza kutengeneza kaboni naitraidi kutoka urea. Hewa ni lazima, kwa kuwa inatoka amonia nyingi. Msijaribu kwenye jiko la rumu. Kisha mnaweza kupima kama inafanya kazi kwa kuangalia inavyofifisha rangi ya methilini bluu juani. Acheni mchanganyiko gizani kwa nusu saa kwanza ili unga unywe rangi unayoweza kunywa, na wekeni chombo kingine chenye rangi bila unga, maana rangi hiyo hufifia juani hata peke yake. Na mkiandika ripoti, semeni mmefifisha rangi. Msiseme mmepasua maji.

Kwa walimu wenzangu, ombi langu ni hili. Mada hii tunaisoma kwa Kiingereza, tunaikariri, tunaikimbiza UE, tunaisahau. Jaribu kumweleza mwenzako pengo la nishati kwa Kiswahili bila kuangalia desa. Ukikwama, umejua ulipoishia kuelewa.

Maswali ya kujipima

1. Semikondakta ina pengo la 2.0. Mpaka wake wa mwanga ni nanomita ngapi, na je, hilo pekee linatosha kusema itapasua maji?

2. Tabaka limepunguzwa kutoka nanomita 300 hadi 3. Muda wa elektroni kufika kwenye uso umepungua mara ngapi?

3. Jaribio limetoa mikromoli 80 za haidrojeni na mikromoli 10 za oksijeni. Nini kinakutia shaka?

4. Mdogo wako amekutumia video ya gari linalotumia maji. Mjibu kwa sentensi tatu, bila kumdharau.

Majibu ya maswali matatu ya kwanza yamo ndani ya makala. La nne leteni kwenye ubao wa klabu ya sayansi, tuyasome pamoja.